Chongo na Kengeza

Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sekondari, methali niliyopenda kuifafanua darasani ni ile isemayo, "Ukipenda, chongo utaita kengeza." Niliipenda kwa sababu wanafunzi huielewa upesi na huicheka upesi. Chongo ni hali ya jicho moja kupofuka au kutokuwapo. Kengeza ni hali ya jicho kwenda upande, lisiangalie pale mwenzake anapoangalia. Mwenye kupenda huipunguza kasoro ya ampendaye: akiikuta kubwa, huiita kwa jina la ndogo. Maelezo hayo niliyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, wanafunzi wakayanakili, wakayarudisha katika mtihani, wakapata alama zao. Sikuwahi kujiuliza kama ile kasoro ndogo yaweza kuizaa ile kubwa. Jambo hilo nimekuja kulijua baada ya kustaafu, nikiwa nimeketi kwenye benchi la chumba cha kupimia macho, mjukuu wangu akiwa mapajani.

Mjukuu wangu huyu alikuwa na miaka mitano na nusu. Tangu alipotimiza mitatu, jicho lake la kushoto lilikuwa likielekea puani, kidogo asubuhi, zaidi jioni akichoka, na zaidi kabisa anapokitazama kitu kilicho karibu. Nyumbani tulisema mengi juu ya jicho hilo, na yote yalikuwa mazuri. Bibi yake alisema ni pambo. Jirani yetu alisema shangazi wa mtoto alikuwa hivyo hivyo na likanyooka lenyewe alipovunja ungo. Mimi, mwenye methali, nilisema atakua. Mama yake alitaka kumpeleka hospitali mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia asimtafutie mtoto ugonjwa. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, wala si kwa kujisifu.

Sisi tunakaa Gongo la Mboto. Waliojenga huku kabla ya mabomu ya Februari 2011, nami ni mmoja wao, wanakumbuka mtaa uliokuwa na minazi na njia za mchanga. Siku hizi ni msongamano mtupu, na ujenzi wa barabara ya mwendokasi ulituletea vumbi lisilokuwa na adabu. Vumbi hilo ndilo lililotufumbua macho. Alasiri moja mtoto alikuwa akicheza uani, upepo ukaja, chembe ikamwingia jicho la kulia, yaani lile tuliloliita zima. Akalifumba kwa kiganja, akakimbilia barazani nilikokuwa nimeketi. Wakati huohuo mtu akafungua geti. Mtoto akageuka, akatazama kwa jicho moja lililobaki, kisha akaniuliza, "Babu, nani yule?"

Alikuwa mama yake. Hatua kumi na mbili hazikuzidi kati yao.

Nilimwambia aondoe kiganja. Akakiondoa, akaita, "Mama!" Akakimbia kumpokea mfuko. Nikabaki barazani na kikombe changu.

Kliniki tuliyokwenda ni ndogo, na aliyetupokea ni binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa miaka ya mwisho. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, kisha akachutama mpaka uso wake ukalingana na uso wa mtoto, akamuuliza jina la mdoli wake. Nilimwita daktari. Akatabasamu, akasema, "Mwalimu, mimi si daktari. Mimi ni mtaalamu wa optometria." Kwa kuwa nilikuwa nimejitambulisha kuwa ni mwalimu wa lugha, akanifafanulia kama mtu anayempa mwenzake zawadi. Daktari bingwa wa macho ni yule aliyesoma udaktari kwanza, kisha akabobea katika jicho; huyo ndiye atibuye maradhi na kupasua. Fundi miwani ndiye akataye lenzi na kuzipachika kwenye fremu. Kati yao yuko yeye: hupima uwezo wa kuona, hutambua kasoro, huandika miwani, hufundisha macho yasiyoelewana kufanya kazi pamoja, na hujua ni nani wa kumpeleka kwa bingwa na kwa haraka gani. "Watu wetu hutuita wauza miwani," alisema. "Si kosa lao. Neno lenyewe bado halijapata kwao."

Hapo nilikubaliana naye kimoyomoyo. Lugha yetu si maskini katika mambo ya jicho. Tuna mboni, kope, kigubiko, chongo, kengeza, upogo, tongotongo, chamba. Tuna mtoto wa jicho, jina lenye ushairi ndani yake ingawa huleta kizaazaa pale mama anapoambiwa kwamba mtoto wake ana mtoto. Tuna presha ya macho, tuna vikope, tuna uoni hafifu. Na katika jambo moja naona tumewashinda Waingereza: wao mtu asiyeona ubao humwita mwenye kuona karibu, sisi humwita asiyeona mbali. Wao wamelitaja lililobaki, sisi tumelitaja lililopotea, na mgonjwa huja hospitali kwa sababu ya lililopotea.

Mtoto asiyejua kusoma hupimwaje? Ile chati ya herufi zinazopungua ukubwa, inayoning'inia kila chumba cha macho duniani, ilibuniwa na daktari wa Kiholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Lakini kwa watoto hutumika chati yenye herufi moja tu, E, iliyogeuzwa huku na huku. Binti yule hakuitaja herufi. Alimpa mjukuu wangu kipande cha plastiki chenye umbo hilohilo, akamwambia, "Hii ni meza yenye miguu mitatu. Kuna mtu mtundu anaiangusha. Nionyeshe miguu imeelekea wapi." Chumba kilikuwa kifupi, hivyo chati ilitazamwa kupitia kioo ili umbali utimie mita sita. Kwa jicho la kulia mtoto aliiangusha meza bila kukosea mpaka mstari wa chini. Kisha jicho la kulia likafunikwa, si kwa mkono wake, maana watoto huchungulia katikati ya vidole, bali kwa kibandiko. Mtoto akanyamaza. Akasogeza shingo mbele. Akasema, "Meza hakuna."

Kulikuwa na meza kubwa kabisa juu. Baada ya kubembelezwa akaziona mbili, tatu. Mtaalamu akaandika 6/36. Maana yake ni kwamba kitu ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 36, jicho lile lilihitaji kukisogelea mpaka mita sita.

Baada ya hapo alitiwa dawa ya matone, akalia, akapewa pipi, akanyamaza. Nilitaka kujua matone ni ya nini. Lenzi ya jicho la mtoto, niliambiwa, ina nguvu nyingi mno ya kujikaza. Hujikaza hata kuficha kasoro, na mpimaji akipima bila kuilegeza hupima juhudi ya mtoto badala ya jicho lake. Tulingoja. Mboni zikapanuka, nyeusi na kubwa kama za paka usiku. Kisha, katika giza, binti akapitisha mwali wa tochi yake ya kupimia, kushoto kulia, juu chini, akibadilisha lenzi moja baada ya nyingine mbele ya jicho. Mtoto hakuulizwa chochote. Jicho lenyewe ndilo lililokuwa likijibu, kwa namna nuru ilivyorudi kutoka ukuta wake wa nyuma.

Jibu lilikuwa hivi. Macho yote mawili ya mjukuu wangu ni mafupi kuliko inavyopasa, na la kushoto limezidi kwa ufupi. Nuru ikiingia haijakusanyika vema inapofika kwenye retina. Ili aone, mtoto huyakaza. Na katika maumbile yetu, juhudi ya kukaza macho imefungamana na juhudi ya kuyaelekeza ndani, kama tufanyavyo sote tunapotazama ncha ya sindano. Kwa kukaza mno, jicho moja likavutwa puani. Hapo ubongo ukajikuta unaletewa picha mbili zisizolingana. Mtu mzima angelalamika kwamba anaona vitu viwili viwili. Ubongo wa mtoto haulalamiki, huchagua. Huichukua picha ya jicho moja, huipuuza ya pili, na jicho lililopuuzwa, ingawa halina ugonjwa wala kovu, halijifunzi kuona. Yakipita mambo hayo bila kushughulikiwa mpaka miaka saba, minane, njia kati ya jicho na ubongo huwa ngumu kufunguka, ijapokuwa wako wakubwa waliosaidika kiasi.

"Kwa hiyo kengeza likiachwa..." nilisema.

"Likiachwa, mwalimu, jicho hili lingebaki la kutazamwa tu."

Chongo. Yaani nilikuwa nimesimama mbele ya madarasa miaka yote hiyo nikizitenganisha kasoro hizo mbili kwa chaki, moja kulia, moja kushoto.

Binti akaniambia kwamba hali hiyo baadhi ya watu huiita kwa Kiswahili "jicho vivu". Sikulipenda neno hilo hata kidogo, na nilimwambia. Akadhani nasema kama mwalimu wa lugha, kwamba ni tafsiri ya mkopo. Kwa sehemu ndivyo. Lakini sababu nyingine sikumweleza siku ile.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mvulana mkimya, mwenye masikio makali. Ukisoma shairi kwa sauti mara mbili, la tatu analisoma yeye bila kitabu. Lakini daftari lake lilikuwa aibu. Niliandika "mboni" yeye akanakili "mbona". Niliandika "bahari" akanakili "habari". Mara kwa mara aliinuka katikati ya somo akasogea ubaoni, nami nilimrudisha mahali pake kwa ukali, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwamba mwanafunzi anayetembea hovyo huvunja utaratibu wa darasa. Tulifundishwa pia kuandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka. Kwenye ripoti yake ya muhula niliandika kwa wino mwekundu: "Mvivu wa kunakili." Mwandiko wangu ni mzuri, wazazi wake bila shaka waliusoma vema. Mtihani wa kidato cha pili haukumwendea sawa, na muhula uliofuata hakuonekana tena.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye katika kituo cha daladala. Sikumtambua kwa uso, maana alivaa miwani mizito kama kitako cha chupa ya soda, nilimtambua kwa sauti, aliponiambia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa na gari la mizigo. Alipokwenda kutafuta leseni ya udereva ndipo alipoambiwa akapime macho, akiwa na miaka ishirini na tisa. Aliyasimulia hayo akicheka. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema shuleni. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya kwao: "Sikujua kama kuna kitu cha kusema. Nilidhani ubao huwa unasikilizwa."

Hakunitajia ripoti. Sijui kama anaikumbuka. Mimi ninaikumbuka.

Hiyo ndiyo sababu neno "vivu" likikaribia jicho la mtoto hunichoma. Katika ziara ya tatu nilimpendekezea mtaalamu wetu "jicho lililosahaulika". Akalionja, akasema ni refu mno kwa kadi ya kliniki. Mjadala bado haujafungwa, na wasomaji wenye neno bora nawaomba walitoe.

Ziara zilikuwa nyingi, na katika kungoja tulizungumza. Nilimuuliza njia iliyomfikisha pale. Alisoma kidato cha sita mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Alitaka udaktari, alama hazikutosha. Akakuta jina la kozi asiyoijua, akaijaza. Baba yake alimuuliza, "Mwanangu, nimeuza ng'ombe ili ukasomee kuuza miwani?" Akaenda Moshi, KCMC, ambako kwa miongo mingi Tanzania imewafundisha wataalamu wa fani hii, akasoma stashahada ya miaka mitatu, siku hizi kuna hata shahada. "Nilidhani nimeikimbia fizikia," alisema. "Nikaikuta imekaa ndani ya jicho inaningoja." Mwaka wa kwanza ulikuwa wa nuru na lenzi, pembe na mahesabu. Wagonjwa walikuja baadaye. Kisha usajili, maana tangu ilipotungwa Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 kazi hii ina Baraza lake, na mtu hawezi kuamka asubuhi akajiita mpimaji.

Alianza katika duka la miwani katikati ya jiji, akipima watu wazima wenye bima. Mshahara ulikuwa mzuri na wateja walikuwa watulivu. Watoto aliwakwepa, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa mtoto mmoja hula muda wa watu wazima watatu: haketi, huogopa giza, hujibu analodhani litakufurahisha, na akimsikia mwenzake akiisoma chati mlangoni huikariri yote akaja kuisoma macho yamefumba.

Kilichombadilisha ni mama mmoja aliyekuja kutafuta miwani ya kushonea. Mama alikuwa amempakata mtoto wa miaka miwili. Tochi ilipokuwa inapita kutoka jicho moja la mama kwenda jingine, ilimpitia mtoto usoni, na mboni moja ya mtoto ikang'aa nyeupe. Mboni ya mtoto imulikwapo hurudisha wekundu au weusi. Ikirudisha weupe kuna jambo, na jambo hilo laweza kuwa mtoto wa jicho, au laweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano. Mama alisema ameuona weupe ule kwa miezi kadhaa, hasa kwenye picha za simu, akadhani ni kamera. Binti akaacha kumpima mama. Siku ileile akawaandikia barua ya Muhimbili, akawapa nauli, akapiga simu mwenyewe. Jicho liliondolewa. Mtoto yuko hai, anakwenda shule.

"Yule ana chongo, mwalimu," aliniambia, "na kila Idi mama yake huniletea pilau."

Tangu siku hiyo akaomba kazi ya watoto.

Nilipokuwa nikisoma habari za jambo hili, kwa maana mwalimu hata akistaafu haachi kutafuta vitabu, niligundua kwamba watu walikuwa wamekwisha kutuhesabu. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za jiji la Mwanza, ukihusu wanafunzi zaidi ya 2,500. Takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na kasoro ya uoni inayohitaji miwani, wengi wao wasioona mbali, na chini ya theluthi ya hao ndio waliokuwa na miwani. Kwa hesabu hiyo darasa la wanafunzi 50 lina watatu. Nilifundisha zaidi ya miaka thelathini, na kuzidisha sikutaka.

Wa pili ulinigusa zaidi, kwa sababu ulifanyika hapa Dar es Salaam, katika shule za sekondari, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ukachapishwa mwaka 2008, nikiwa bado kazini. Watafiti waliuliza swali la kiungwana: mwanafunzi akishapimwa, apewe miwani bure, au apewe cheti mkononi akainunue? Baada ya miezi mitatu walirudi. Miongoni mwa waliopewa cheti, asilimia 26 tu ndio waliokuwa wakiitumia miwani au walikuwa nayo shuleni. Miongoni mwa waliopewa bure, asilimia 47. Wengi watasema ushindi ni wa kutoa bure. Mimi niliitazama zaidi ile nusu ya pili: imepimwa, imepewa, haikulipa hata senti, na bado haivai.

Sasa naijua sababu, maana niliishi nayo nyumbani. Siku tulipomvika mjukuu wangu miwani yake, yenye fremu ya samawati na uzi wa kufungia kisogoni, jicho la kushoto lilirudi katikati karibu lote, papo hapo, mbele yetu. Bibi yake alilia. Lakini tulipofika kituoni Gongo la Mboto kondakta akauliza kwa sauti, "Bibi kizee mdogo anashukia wapi?" Abiria wakacheka, bila ubaya, namna watu wanavyocheka ndani ya daladala. Mtoto akaivua. Jirani akatuonya kwamba miwani huyala macho na kwamba akiizoea hataiacha. Katika mahojiano yaliyofanywa na wanafunzi wa Mwanza, yaliyochapishwa pia mwaka 2008, nilikuta mambo yaleyale yameandikwa kitaalamu: gharama, kejeli za wenzao, na wasiwasi wa wazazi kwamba miwani hudhuru macho. Kondakta wetu hakujua kwamba amekwisha kuandikwa.

Nchi jirani walijaribu njia nyingine. Kule Trans Nzoia, Kenya, walimu walipewa simu yenye programu ya kupima uoni, kazi iliyoongozwa na daktari Hillary Rono na wenzake. Mwalimu anapima, na simu inamtumia mzazi ujumbe na kumkumbusha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: zaidi ya nusu ya watoto walioelekezwa hospitali walifika, wakati kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa chini ya robo. Nilipoisoma habari hiyo sikuwaza juu ya simu. Niliwaza kwamba mwalimu alikuwa amepewa kitu cha kufanya na mtoto anayeinuka kusogelea ubao, mbali na kumrudisha mahali pake. Maana hata bila simu, ishara ziko wazi kwa anayezijua: mtoto anayekaribia ubao, anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayekunja uso akitazama mbali, anayefumba jicho moja juani, anayesoma akiwa amekiweka kitabu puani, anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni. Huyu wa mwisho tulimwita mwizi.

Miwani peke yake haikutosha. Jicho lililosahaulika lazima lilazimishwe kufanya kazi, na njia yake ni kongwe na rahisi: huzibwa lile zima. Mjukuu wangu hubandikwa kibandiko jicho la kulia, saa mbili kila siku, na katika saa hizo hupewa kazi ya karibu, kuchora, kutunga shanga, kusoma. Mama yake hurudi kazini jioni, bibi yake hana moyo wa kumsikia akilia, kwa hiyo kazi hiyo ni yangu. Wiki ya kwanza alinichukia. Alinibandua mimi jina, akaacha kuniita Babu, akaniita "yule". Wiki ya pili tukaafikiana: yeye anibandike mimi kwanza, kisha mimi nimbandike yeye. Wapita njia wameniona nimeketi barazani na kibandiko chenye picha ya sungura jichoni, nami nimewaacha waone.

Baada ya miezi minne jicho lilitoka 6/36 likafika 6/18. Mtaalamu alipima mara mbili, kisha akampa kipande kile cha plastiki kiwe chake. Sasa ana miaka sita, tumefika 6/12, na tumeambiwa tusilegee, maana jicho la namna hii likiachwa mapema hurudi lilikotoka. Kengeza bado huonekana akiivua miwani. Bibi yake husema amelikosa lile pambo, nasi humwacha aseme.

Nimetundika ubao mdogo kwenye ukuta wa baraza. Yeye huketi kwenye mkeka, kibandiko jichoni, nami huandika maneno ya silabi mbili ayasome, na kila wiki nausogeza mkeka nyuma kwa urefu wa kiganja. Juzi niliandika "kaka". Akatazama, akasogeza shingo, akasema, "Kuku." Nikamwambia atazame tena. Akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Kuku, Babu." Kisha akainuka, akaja mpaka ubaoni, akasimama pua karibu na chaki.

Nilimwacha asimame. Alipomaliza kutazama alisema, "Aa, kaka," akarudi mkekani. Nikafuta, nikaliandika upya kwa herufi kubwa zaidi.

Kliniki yetu ni Alhamisi ijayo. Vibandiko vimebaki tisa.